Nilimwambia mtani wangu kwamba nimemfukuzisha kazi, akacheka

Mtu akikuambia jambo la kweli kwa utani, nawe ukacheka, je, amekuambia au amekuficha?

Nimelibeba swali hili kwa miaka kumi na saba na bado sina jibu lake.

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa nadra. Leo nimeamua kuandika, na nitakayoyaandika ni yale niliyoyafanya mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa akili zangu timamu. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, kwa sababu wahusika wako hai, na Dodoma, pamoja na kukua kwake kote, bado ni mji ambao watu hujuana.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka zake aende jukwaa la michezo, hatutagombana.

Nilimaliza chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya tisini, na baada ya kuzungukazunguka na bahasha ya vyeti nikaajiriwa na shirika moja la umma lililokuwa na ofisi zake hapa Dodoma. Sitalitaja, na wala halipo tena. Nilifika nikiwa na shahada moja, suruali mbili za maana, na imani kubwa mno juu ya kichwa changu.

Kwa wadogo zangu ambao hawakuikuta hali ile, naomba nieleze kidogo.

Zamani hizo ofisa hakuandika barua akaituma. Aliandika rasimu kwa kalamu, mara nyingi nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, kisha akaipeleka chumba cha wapiga chapa. Huko walikaa akina mama watatu na taipureta tatu, na kelele yake ilisikika hadi getini. Barua ilirudi mchana ikiwa safi, imenyooka, ina nakala zake za kaboni. Ofisa alichofanya ni kusaini na kujiona msomi.

Mkuu wa chumba kile alikuwa Mama Eliasi, Mgogo wa upande wa Mvumi, mwanamke wa miaka arobaini na ushei. Alikuwa na vidole ambavyo sijaviona tena kwa mtu mwingine. Aliweza kukutazama usoni, akakuuliza habari za nyumbani, akasikiliza jibu, na muda wote huo mashine ikawa inalia bila kukosea.

Siku ya kwanza nilipopeleka rasimu yangu aliniuliza, "Kwenu wapi, kijana?"

"Tabora, mama."

Mashine ikanyamaza. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Jamani, njooni muone! Mpagazi amefika! Mzigo umeutua wapi baba, getini? Na maji ya kunywa umelipia, au umepita bure kama babu yako?"

Wakuu wanaojua historia wameshaelewa. Wazee wetu Wanyamwezi walipita Ugogo na misafara, mizigo kichwani, na kila kisima kilikuwa na mwenyewe na kila mwenyewe alitaka hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Ugomvi ule ukazeeka ukawa utani. Nami sikuwa mtu wa kushindwa.

"Nilitaka kulipa, mama," nikamjibu, "ila nimekuta wenye kisima wote wamekwenda mjini kuomba."

Chumba kizima kilicheka. Mama mmoja aliinamia taipureta yake hadi karatasi ikakunjika. Tangu siku hiyo mimi na Mama Eliasi tukawa watani, na asiyekuwa na mtani hawezi kuelewa uzito wa kitu hicho. Nilikula karanga zake bila kuomba. Alichukua mwavuli wangu akaurudisha msimu uliofuata. Nilipofiwa na baba, alifika nyumbani kwangu, akavaa koti langu, akaigiza mwendo wangu mbele ya waombolezaji, hadi nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

Kwa hiyo msije mkadhani ninamzungumzia mtu baki.

Kuna jambo alipenda kuniambia aliponirudishia barua zangu. "Mpagazi, mzigo wako wa leo ulikuwa umelalia upande. Nimekuwekea sawa, usije ukaanguka mbele ya Meneja." Mimi nilicheka, nikamwambia Mgogo hajui mzigo, anajua bakuli. Nikaenda zangu.

Meneja alikuwa akinisifu kwenye vikao. Alisema kijana huyu anaandika.

Kisha kompyuta ikaja.

Ilikuwa moja tu, ya msaada, na ilipewa chumba ambacho hata Meneja hakuwahi kuwa nacho: zulia, pazia zito la kuzuia vumbi la Dodoma, na kiyoyozi kilichonguruma kama trekta. Ulivua viatu mlangoni. Naapa. Maofisa wazima walikuwa wakiacha viatu nje kama waumini, na ndipo tulipogundua soksi za nani zimetoboka.

Wakuu wa jukwaa la teknolojia mtanicheka nikiwatajia uwezo wake, kwa hiyo sitaji. Niseme tu kwamba simu yako uliyoishika sasa ingeimeza mara elfu na isishibe.

Mimi ndiye niliyepelekwa kozi Dar es Salaam, miezi mitatu. Nilirudi na cheti, boksi la disketi, na vitu viwili vya kwangu binafsi: televisheni ya rangi na deki ya kuchezea kanda. Siku hizo soko lilikuwa limefunguliwa, Kariakoo imejaa vitu ambavyo utotoni tuliviona kwa watu wa ubalozi tu, na mimi nikawa wa kwanza katika mtaa wetu wa Area D kuwa na deki. Jumamosi mchana sebule yangu ilikuwa sinema. Tulikodi kanda pale sokoni, za mapigano, za Kihindi, na nyingine hatukujua ni za nini.

Mama Eliasi alikuja kila Jumamosi na wanawe, mdogo kabisa, Upendo, akiwa mgongoni. Alikaa mbele, akawa anawafokea waigizaji. "Wewe dada, geuka nyuma! Geuka, mbona huyu mbwa anakufuata! Haya, si nilikwambia?"

Kuhusu zile disketi kuna kisa lazima nikitoe. Nilinakili kwenye disketi taarifa ya robo mwaka ambayo Mama Eliasi alikuwa ameshaichapa, nikaipeleka masijala ili itumwe makao makuu. Karani wa masijala akaipokea kwa heshima zote, akaichukua ile mashine ya kutoboa karatasi, akaitoboa matundu mawili, akaifunga kwenye faili kwa kamba. Akaniandikia na namba ya folio.

Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo najiuliza nilicheka nini, maana hakuna aliyekuwa amemweleza yule mzee kitu. Elimu yote ilikuwa kwangu, na nilikuwa nimeikalia.

Hapo ndipo penye kosa langu.

Mama Eliasi alitaka kujifunza kompyuta. Mwanzoni aliuliza kwa utani, akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha zulia, viatu mkononi. "Mpagazi, nipokee, nije nione kilichomo." Nikamjibu kwamba Mgogo akiona kitu kinaitwa panya atakikimbiza na fimbo. Akacheka, akaondoka.

Mara ya pili vivyo hivyo.

Mara ya tatu alinikuta peke yangu saa ya chai. Hakuniita Mpagazi. Alisema, "Mwanangu, nakuomba. Nimesikia mambo yanabadilika. Mimi kupiga chapa najua, nifundishe hiki kingine. Nitakuwa nakuja saa ya chakula, sitakusumbua."

Wakuu, mnaoishi na watani mnajua. Mtu akiuweka utani chini, nawe unauweka chini. Hiyo haihitaji kuandikwa popote.

Mimi niliuokota. Nikamwambia, "Mama, mashine hii haina sehemu ya kuwekea bakuli."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka, kwa sababu ndivyo mtani anavyotakiwa kufanya. Hakuomba tena.

Kwa nini nilikataa? Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu nzuri na sijaipata. Nilikuwa na hofu, basi. Shirika lilikuwa linazungumziwa kubinafsishwa, kulikuwa na fununu za kupunguza watu, na kanuni iliyokuwa midomoni mwa wote ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye atakayetoka kwanza. Nilikuwa nimeingia mwisho. Kitu pekee kilichonitofautisha ni kwamba katika jengo zima mimi ndiye niliyejua kuiwasha mashine ile. Huyu mama, kwa vidole vile, nilijua angenipita ndani ya mwezi mmoja.

Haikupita muda Meneja akaniita. Akanitaka nimwandikie dokezo kuhusu kazi za uchapaji. Je, kompyuta inaweza kufanya kazi ya wapiga chapa watatu? Na je, wapiga chapa wenyewe wanaweza kufundishwa?

Swali la kwanza lilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa ndiyo. Swali la pili nililijibu kwa sentensi moja. Niliandika kwamba kwa tathmini ya kitaalamu iliyofanyika, wahusika, kutokana na umri na kiwango cha elimu yao, hawafundishiki katika mitambo ya kisasa.

Hakukuwa na tathmini. Hakuna aliyewahi kuwaweka mbele ya kompyuta hata dakika moja.

Dokezo lile nililichapa mwenyewe, kule kwenye zulia, mlango umefungwa. Lilikuwa andiko langu la kwanza ambalo halikupitia mikononi mwa Mama Eliasi.

Katika ofisi za umma siri haikai. Wiki ileile nilipita chumba cha wapiga chapa kuchukua karanga zangu, na Mama Eliasi akaniambia mbele ya wenzake, kwa sauti ya juu, "Mpagazi, tunasikia unatuandikia kitu huko ndani. Unatufukuza?"

Nilikuwa na karanga mdomoni. Wote walikuwa wananitazama, wameshajiandaa kucheka.

Nikasema, "Eeh. Nimeshaandika. Fungasha mama, urudi kwenu ukachunge mbuzi."

Walicheka jamani. Mama Eliasi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema, "Nitachunga, ila mbuzi wenyewe nitawapa majina ya ukoo wenu!"

Nami nikacheka nao. Nakumbuka nilitoka mle ndani nikijihisi mwepesi, kana kwamba nimetimiza wajibu. Nilijiambia, nimemwambia. Aliuliza, nikajibu, hakuna nilichoficha. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli.

Hilo ndilo swali langu la juu kabisa, wakuu.

Baada ya miezi miwili barua zikatoka. Wapiga chapa wote watatu. Mama Eliasi alikuja mezani kwangu ameishika ya kwake, akasema, "Mpagazi, kumbe una mdomo mbaya. Ulinitabiria." Alitabasamu, akaikunja ile barua, kisha akaikunja tena.

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema. Badala yake nilimsaidia kubeba vitu vyake hadi nje: kikombe, mto wa kiti alioushona mwenyewe, kalenda ya kanisa.

Barua zangu zilizofuata nilizichapa mwenyewe. Ya kwanza ilirudi kutoka kwa Meneja ikiwa imezungushiwa wino mwekundu kila kona. Sentensi hazikuwa na mwisho, aya ziligongana, cheo cha mpokeaji nimekikosea. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu akaniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nimeanza kunywa.

Ndipo nilipoelewa maana ya mzigo kulalia upande. Kwa miaka miwili mama yule alikuwa akizifumua rasimu zangu na kuzisuka upya, na kila mara aliniambia, kwa utani, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kumwambia kijana mwenye shahada kwamba hajui kuandika bila kumvunjia heshima. Na mimi sikusikia.

Jumamosi aliendelea kuja kuangalia sinema. Hilo ndilo lililonitesa. Alileta karanga, alileta wanawe, aliwafokea waigizaji. Niligundua kwamba televisheni ni kifaa kizuri sana kwa mtu mwenye kuficha jambo: mnakaa ubavu kwa ubavu saa mbili nzima na hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Mimi mwenyewe sikudumu. Shirika liliuzwa, mnunuzi akaja na watu wake, na mimi, Ofisa Kompyuta, nikapewa barua inayofanana na zile nyingine. Nikahamia Dar, kampuni ya simu, miaka mitano. Nikapunguzwa. Nikaenda shirika lisilo la kiserikali, mradi ukaisha. Nikarudi Dodoma nikafungua duka dogo la kutengeneza na kuuza kompyuta, lenye chumba cha nyuma cha kufundishia.

Naam, nafundisha kompyuta. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa babu wa miaka sitini na minne, katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu. Alikuja hajawahi kugusa hata kikokotoo. Wiki ya tatu alikuwa anachapa mihtasari ya vikao vyao na kunilalamikia kwamba printa yangu ni ya polepole. Wenzangu dukani walifurahi. Mimi nilikwenda kukaa nje.

Mama Eliasi baada ya kupunguzwa alinunua taipureta iliyochakaa, akaweka meza karibu na ofisi za serikali, akawa anawachapia watu mikataba na barua za maombi. Aliishi kwa hiyo miaka kadhaa. Kisha maduka ya kuchapa kwa kompyuta yakafunguliwa kila kona, na meza ikakosa wateja. Akarudi nyumbani kwake Ipagala, anafuga kuku na kuimba kwaya. Wanawe wamesoma kwa shida lakini wamesoma. Upendo, yule wa mgongoni, sasa yuko chuo kikuu hapahapa Dodoma.

Tumeendelea kutembeleana. Ananitukana kwa simu kila wiki.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike.

Leo mchana nilikwenda kumsalimu. Nimemkuta Upendo ameweka laptopu mezani, anabishana na mama yake. Kwaya yao inatafuta katibu, na wanakwaya wote wanamtaka Mama Eliasi, kwa sababu anajua kuandika kuliko hata mchungaji. Ila kazi zinafanywa kwa kompyuta. Upendo anataka kumfundisha. Mama hataki hata kukaa kwenye kiti.

"Mama, jaribu tu. Herufi ni zilezile za taipureta."

"Mwanangu, niache. Mimi kompyuta nilishapimwa, nikaonekana siwezi."

"Nani alikupima?"

"Wataalamu. Walikuja wawili kutoka Dar, wakasimama nyuma yetu tukiwa kazini, wanatutazama wanaandika kwenye daftari. Muulize huyu Mpagazi, alikuwepo. Si kila kichwa kimeumbiwa kila kitu. Changu ni kizito, na nimekubali."

Wakuu, wale watu wawili nawakumbuka. Walikuwa mafundi. Walikuja kuhesabu soketi za umeme.

Upendo alinigeukia, akisubiri niseme kitu. Mama Eliasi akaona hatuamini, akaenda chumbani, akarudi na bahasha. Ameitunza miaka yote hii ndani ya Biblia. Akanipa nimsomee binti yake aya ya pili, kwa kuwa miwani yake mwenyewe imevunjika mkono.

Nikaisoma kwa sauti. Kwa tathmini ya kitaalamu iliyofanyika. Kutokana na umri na kiwango cha elimu. Hafundishiki katika mitambo ya kisasa.

Walikuwa wamenakili sentensi yangu neno kwa neno.

"Umesikia?" Mama Eliasi alimwambia binti yake, bila uchungu wowote, kama mtu anayesoma kipimo cha presha. Upendo akaifunga laptopu.

Nilikunywa chai iliyobaki, nikaaga, nikaondoka. Nimefika nyumbani nimekaa mezani, na jioni hii ndiyo naandika.

Siku zote nilidhani deni langu kwake ni kazi. Kazi zimetupotea wote wawili, na zake na zangu. Leo ndiyo nimejua nilichomwondolea. Mwanamke mwenye akili kuliko yeyote niliyewahi kufanya naye kazi ameishi miaka kumi na saba akiamini kwamba alipimwa akashindwa, na ushahidi pekee wa jambo hilo ni uoga wangu wa ujana.

Nilichojifunza si kikubwa, ila nitakisema. Utani ni zawadi, unaruhusu watu kuambiana yasiyosemeka. Lakini una upande wa pili: unaweza kujificha ndani yake huku umesimama katikati ya watu, unasema kweli, na hakuna anayekuona. Kama una jambo la kumwambia mtu wako, hakikisha kwanza amejua kwamba unamwambia.

Kesho asubuhi, kabla ya ibada, nakwenda Ipagala kumwambia. Sijui nitaanzaje, maana kati yetu hakuna neno ambalo halijawahi kuwa mzaha. Mwenye uzoefu wa kusema jambo zito na mtani wake anisaidie. Mwenye kunilaumu pia anakaribishwa, nitasoma yote.

MREJESHO

Wakuu, nimesoma michango yenu yote. Kuna aliyeandika "Mkuu, mwache mama wa watu azeeke kwa amani, unataka kumtua nani mzigo, yeye au wewe?" Swali zuri, nilitembea nalo njia nzima. Kuna aliyesema nipeleke mbuzi kwanza. Kuna aliyesema nimtumie ujumbe wa simu. Huyo nimjibu kwamba mama yule ameshaandikiwa vya kutosha.

Nilifika saa moja na nusu. Upepo wa Dodoma mnaujua, ulikuwa unapiga mabati. Upendo alikuwa uani anafua. Mama Eliasi alikuwa sebuleni anapiga pasi joho la kwaya.

"Mpagazi! Asubuhi yote hii, kwako wamekunyima chai?"

"Mama Eliasi, leo sijaja kwa utani."

"Ndivyo mnavyoanzaga. Haya, unataka kuazima nini?"

"Ile barua yako. Yale maneno ya tathmini niliyaandika mimi."

Akacheka. Pasi iliendelea kwenda. "Na ile Biblia pia uliiandika wewe?"

Sikucheka. Nilibaki nimesimama. Nilimweleza kuhusu Meneja, dokezo, na mlango nilioufunga. Nilimweleza kwamba watu wa daftari walikuwa mafundi wa umeme. Nilimweleza kwamba siku aliyoniomba nimfundishe nilijua atanipita, na ndiyo maana nilikataa. Kadiri nilivyosema, pasi ilienda polepole, hadi akaisimamisha.

Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulinipima lini?"

"Sikukupima. Hakuna aliyekupima, mama. Hata siku moja."

Alichomoa waya wa pasi ukutani. Alilikunja lile joho akaliweka kando, ingawa mkono mmoja ulikuwa haujanyooshwa, akakaa. Hakunitazama. Alikuwa anautazama mlango wa uani.

"Upendo!"

Binti akaja mbio, povu hadi kwenye viwiko.

"Kaa hapo."

Akakaa. Mama Eliasi ndipo aliponigeukia.

"Mwambie na huyu. Yote, kama ulivyoniambia mimi. Usiruke kitu."

Nikaanza upya.